Kodi ya mshahara ikizidi, hurudi vipi? Hesabu za mtumishi wa Ludewa

Na Mwandishi Wetu, Ludewa

MWALIMU aliyepandishwa daraja husubiri malimbikizo ya mshahara wake kwa muda mrefu. Siku yanapoingia benki, furaha huja pamoja na swali: mbona fedha iliyofika ni pungufu kuliko ile aliyoipigia hesabu? Jibu linalotolewa katika vyumba vya walimu ni fupi, kwamba kodi imekula. Mazungumzo huishia hapo na watu hurudi darasani.

Swali ambalo ni wachache huliuliza ni kama kodi hiyo ilikatwa kwa kiasi sahihi na, kama ilizidi, inarudi kwa njia gani. Kisheria, kodi ya mapato iliyolipwa zaidi ya inavyostahili ni mali ya aliyeilipa na anaweza kuidai. Hata hivyo, kwa mfanyakazi wa kawaida haki hiyo haijiendeshi yenyewe. Hakuna barua inayomfikia kumweleza kwamba alizidishiwa. Asipouliza, fedha hubaki ilipo.

Kwa mtumishi aliyeko wilayani Ludewa, mkoani Njombe, kuuliza kwenyewe kuna gharama. Ofisi ya mkoa ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) iko mjini Njombe. Kufika huko kunahitaji kupanda milima kwa barabara ya Itoni–Ludewa–Manda, ambayo sehemu yake ya Lusitu hadi Mawengi imejengwa kwa zege kutokana na ugumu wa eneo lenyewe. Kwa anayefundisha au kutibu wagonjwa kule Manda, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa, safari hiyo huchukua siku, nauli na pengine malazi. Mtu hawezi kuifunga kwa ajili ya shilingi elfu kumi. Lakini mifano iliyopo hapa chini inaonyesha kwamba mara nyingine kinachodaiwa si elfu kumi.

Wenye ndugu Marekani huwasikia wakieleza jinsi wanavyorejeshewa kodi baada ya kujaza fomu kabla ya katikati ya Aprili. Huko, mwajiri hukata kodi kwa makadirio, kisha mwisho wa mwaka kila kaya hupiga hesabu yake upya ikiingiza watoto, na kwa wengine riba ya mkopo wa nyumba na mengineyo. Tofauti hurudishwa. Jirani zetu wa Kenya nao wana utaratibu wa namna hiyo: kila mwenye namba ya mlipakodi huwasilisha ritani kwa mtandao ifikapo Juni 30, hata kama kipato chake ni mshahara pekee, na sheria yao inampa kila mkazi unafuu binafsi wa Sh2,400 za Kenya kwa mwezi, pamoja na unafuu kwa mwenye bima ya maisha.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Mfanyakazi ambaye kipato chake chote ni mshahara wa mwajiri mmoja halazimiki kuwasilisha ritani. Mwajiri humkata kila mwezi, huipeleka kodi TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kumalizika, na suala huhesabiwa kuwa limekwisha. Utaratibu huo, unaojulikana kwa kifupi cha PAYE, yaani lipa kadiri unavyopata, umewaondolea mamilioni ya watu usumbufu wa fomu. Wakati huo huo umewaondolea mazoea ya kukagua.

Kinachokatwa ni nini hasa

Hati ya mshahara ina mistari mingi ya makato, na kosa la kwanza la wasomaji wake ni kuyaita yote kodi.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa shule ya Serikali mwenye mshahara wa Sh800,000 kwa mwezi, aliyesoma chuo kikuu kwa mkopo. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF), ulioanza Agosti 2018 baada ya kuunganishwa kwa mifuko kadhaa, hupokea asilimia 5 kutoka kwake, ambayo ni Sh40,000. Mwajiri humwongezea asilimia 15 ambayo haitoki katika mshahara huo. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) hukata asilimia 3, yaani Sh24,000. Chama cha wafanyakazi, kwa kiwango cha asilimia 2, huchukua Sh16,000. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huchukua asilimia 15, ambayo ni Sh120,000.

Kodi yenyewe ni Sh68,000.

Jumla ya makato ni Sh268,000 na mwalimu hubakiwa na Sh532,000, kabla ya kuhesabu mkopo wa benki au wa SACCOS. Kwa hiyo, kati ya kila shilingi nne zinazomtoka, takriban moja tu ndiyo kodi ya mapato. Kato lililo kubwa kuliko yote ni deni la chuo, na hilo halina uhusiano wowote na TRA. Anayehisi kwamba deni lake limekwisha lakini anaendelea kukatwa hupaswa kwenda Bodi ya Mikopo, si kwenye ofisi ya kodi. Wapo wanaopoteza miezi kwa kugonga mlango usio wao.

Sh68,000 ilipatikanaje? Kwanza huondolewa mchango wa pensheni, Sh40,000, na kubaki Sh760,000. Hicho ndicho kiasi kinachotozwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Julai 1, 2021, Sh270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi chochote. Kuanzia hapo hadi Sh520,000 hutozwa asilimia 8, kisha asilimia 20 hadi Sh760,000, asilimia 25 hadi Sh1,000,000, na asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi hapo.

Wengi huamini kwamba mshahara ukivuka mstari fulani, wote hutozwa kiwango kipya. Sivyo. Anayelipwa Sh1,000,001 hutozwa asilimia 30 kwa ile shilingi moja tu. Hofu ya kupandishwa cheo kwa sababu ya kodi haina msingi wa hesabu.

La kuangalia kwa makini katika hati ni pale mchango wa pensheni ulipoondolewa. Ukiondolewa kabla ya kodi, kama sheria inavyotaka, mwalimu wetu analipa Sh68,000. Mhasibu akikosea na kutoza kodi kwenye Sh800,000 nzima, kodi inakuwa Sh78,000. Hizo ni Sh10,000 kwa mwezi, Sh120,000 kwa mwaka. Kosa la aina hii ni gumu kutokea katika mfumo mkuu wa mishahara ya Serikali, lakini katika shule binafsi, zahanati ndogo au duka la jumla ambako mishahara hupigwa kwa kikokotoo, si jambo la kushangaza.

Kwa upande mwingine, pensheni ndiyo karibu punguzo pekee alilonalo mfanyakazi. Bima ya afya haipunguzi kodi. Ada ya chama haipunguzi, wala mkopo wa chuo. Sheria haitoi nafuu kwa idadi ya watoto au ada ya shule. Baba mwenye watoto sita pale Mlangali na kijana asiye na mtoto pale Njombe mjini, wakiwa na mshahara mmoja, hulipa kodi ile ile hadi senti ya mwisho.

Kuna tofauti moja ambayo haizungumzwi sana. Posho ya nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada na mazingira magumu anazolipwa mtumishi wa Serikali, au wa taasisi inayoendeshwa kwa ruzuku ya Serikali, haziingizwi katika kipato kinachotozwa kodi. Mwalimu wa shule ya binafsi au ya kanisa iliyo kilima cha pili, akilipwa posho ya nyumba ya kiasi hicho hicho, posho yake huongezwa kwenye mshahara na kutozwa. Katika wilaya kama Ludewa, ambako taasisi za dini zina shule na hospitali za miaka mingi, walimu na wauguzi wawili wanaweza kufanya kazi moja kwa malipo sawa na kurudi nyumbani na fedha tofauti. Huo si wizi wa mwajiri. Ndivyo sheria ilivyoandikwa, na kama ni haki au la ni hoja ya kupelekwa bungeni.

Mei Mosi na shilingi 2,500

Kodi ya mshahara ni wimbo wa kila Mei Mosi. Mwaka 2016 mjini Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kwamba kiwango cha chini kingeshuka kutoka asilimia 11 hadi 9. Mwaka 2020 kima kisichotozwa kodi kilipandishwa kutoka Sh170,000 hadi Sh270,000 kwa mwezi. Mwaka 2021 mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kushushwa kwa kiwango cha chini kutoka asilimia 9 hadi 8.

Shangwe za Mwanza zilikuwa kubwa. Lakini asilimia moja ya Sh250,000, ambayo ndiyo sehemu inayohusika na kiwango hicho, ni Sh2,500. Hicho ndicho kiasi cha juu kabisa ambacho mfanyakazi yeyote aliongezewa mfukoni kwa mwezi, awe karani au mkurugenzi.

Kinyume chake hutokea kimya kimya pale mishahara inapopanda na jedwali la kodi likabaki palepale. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipanda Julai 2025 kutoka Sh370,000 hadi Sh500,000, ongezeko la asilimia 35.1. Aliyekuwa na Sh370,000, baada ya mchango wa PSSSF, alikuwa akilipa kodi ya Sh6,520. Kwa Sh500,000 analipa Sh16,400. Mshahara umepanda kwa zaidi ya theluthi moja. Kodi imepanda mara mbili na nusu. Bado mtumishi huyo amepata nafuu kubwa, kwani sehemu kubwa ya nyongeza ni yake, ila anayejua hesabu hii hatashangaa kuona nyongeza haikufika nzima.

Pale kodi inapozidi kweli

Hapa ndipo penye fedha ambayo watu huiacha.

Msingi wa kuelewa ni mmoja. Jedwali la mwezi ni chombo cha kukatia tu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huhesabu kodi ya mtu binafsi kwa mwaka mzima wa kalenda, Januari hadi Desemba, na viwango vyake vimeandikwa kwa mwaka: Sh3,240,000 za kwanza hazitozwi, asilimia 8 huishia Sh6,240,000, asilimia 20 huishia Sh9,120,000, asilimia 25 huishia Sh12,000,000. Mtu anayelipwa kiasi kilekile kwa miezi yote 12 hatoi hata shilingi zaidi, maana mara 12 ya jedwali la mwezi ni jedwali la mwaka. Tatizo huanza miezi isipolingana.

Mfano wa kwanza ni wa aliyeajiriwa katikati ya mwaka. Mwalimu wetu wa Sh800,000 akianza kazi Agosti 1, hadi Desemba atakuwa amelipwa miezi mitano na kukatwa Sh68,000 mara tano, yaani Sh340,000. Kipato chake kinachotozwa kodi kwa mwaka huo, baada ya pensheni, ni Sh3,800,000 tu. Kwa jedwali la mwaka, anatozwa asilimia 8 ya Sh560,000 zinazozidi kima huru, ambayo ni Sh44,800. Ikiwa hakuwa na kipato kingine mwaka huo, tofauti ni Sh295,200. Kwa kijana aliyeripoti kazini na begi moja na godoro, hiyo ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa.

Vivyo hivyo kwa anayeacha kazi. Mwenye mshahara huo huo akiondoka mwishoni mwa Aprili ili akalime parachichi, na asipate kipato kingine cha kutozwa kodi mwaka huo, kipato chake cha miezi minne ni Sh3,040,000. Hakifiki hata kima huru cha mwaka. Wakati huo ameshakatwa Sh272,000.

Mfano wa pili ndio ule wa malimbikizo. Kipato cha ajira huhesabiwa katika mwaka kilipolipwa, si mwaka kilipostahili kulipwa. Kwa hiyo malimbikizo ya miaka mitatu yakilipwa mwezi mmoja, yote ni kipato cha mwaka huo. Hilo lenyewe linauma, maana aliyecheleweshewa haki yake hupandishwa kwenye kiwango cha juu kwa kosa lisilo lake. Lakini mwajiri akiyaingiza yote kwenye jedwali la mwezi mmoja, maumivu huongezeka mara ya pili, na hii ya pili ndiyo inayoweza kudaiwa.

Chukua mtumishi wa Sh500,000. Kila mwezi kipato chake cha kodi ni Sh475,000 na hukatwa Sh16,400. Mwezi mmoja anapokea malimbikizo ambayo, baada ya pensheni, ni Sh1,000,000. Mwezi huo kipato chake kinakuwa Sh1,475,000, na jedwali la mwezi linamtoza Sh270,500. Ukiongeza miezi 11 ya kawaida, kodi ya mwaka mzima ni Sh450,900. Sasa piga kwa mwaka: kipato chote ni Sh6,700,000, na kodi yake ni Sh240,000 pamoja na asilimia 20 ya Sh460,000, jumla Sh332,000. Amezidishiwa Sh118,900. Ili nafuu ile ya Sh2,500 ya Mei Mosi 2021 ifikie kiasi hicho, ingehitaji karibu miaka minne.

Mfano wa tatu ni wa mwenye kazi mbili. Muuguzi wa Serikali mwenye Sh700,000, ambaye mwisho wa wiki huchukua zamu katika kituo kingine kwa Sh150,000, ana ajira kuu moja na ajira ya ziada moja. Katika ajira kuu hukatwa kwa jedwali la kawaida, Sh49,000. Katika ajira ya ziada mwajiri hutakiwa kukata asilimia 30 moja kwa moja, bila kima huru, yaani Sh45,000. Jumla Sh94,000 kwa mwezi. Vipato hivyo viwili vikiunganishwa, kodi sahihi ni Sh81,750. Ziada ni Sh12,250 kwa mwezi, na kwa mwaka Sh147,000.

Daktari ambaye mshahara wake mkuu baada ya pensheni umeshavuka Sh1,000,000 hana cha kudai katika mfano huu, kwa sababu kila shilingi ya ziada ingetozwa asilimia 30 hata hivyo. Wanaoumia ni wa chini. Aidha, muuguzi huyo hayumo katika kundi lililosamehewa ritani, kwa kuwa kipato chake hakitoki kwa mwajiri mmoja. Kwake, kuwasilisha ritani ni wajibu, na katika wajibu huo ndimo ilimo fedha yake.

Kodi ya zuio: inayorudi na isiyorudi

Si kila kinachokatwa kabla ya kumfikia mtu ni PAYE. Ipo kodi ya zuio, ambayo mlipaji huizuia na kuipeleka TRA kwa niaba ya anayelipwa. Kaya nyingi za mjini hukutana nayo bila kuitambua.

Riba ya akaunti ya muda maalumu benki hukatwa asilimia 10. Pango ambalo kampuni au taasisi inamlipa mwenye nyumba hukatwa asilimia 10. Kwa mtu binafsi asiyefanya upangishaji kuwa biashara, makato haya mawili ni kodi ya mwisho. Maana yake ni mbili: hatakiwi kulipa tena kodi ya mapato juu ya fedha hiyo, na hawezi kuidai, hata kama kipato chake cha mwaka ni kidogo kiasi gani. Mjane mwenye vyumba viwili vya mbele pale Ludewa mjini, anavyoipangisha kampuni kwa Sh300,000, atapokea Sh270,000 na hesabu imefungwa.

Hali ni tofauti kwa anayefanya biashara. Anayeiuzia Serikali au halmashauri bidhaa huzuiwa asilimia 2, na anayetoa huduma za kitaalamu huzuiwa asilimia 5. Hii si kodi ya mwisho. Ni malipo ya awali yanayohesabiwa dhidi ya kodi ya mwaka. Fundi seremala wa Makambako, mji wa njia panda ambako barabara ya Songea huachana na ile ya Mbeya na ambako mbao za Njombe hupita kila siku, akitengeneza madawati ya Sh6,000,000 kwa ajili ya shule za halmashauri, atazuiwa Sh120,000. Akiwa na hati ya kodi ya zuio, Sh120,000 hizo hupunguza kodi yake. Asipokuwa nayo, atalipa kodi yote kana kwamba hakukatwa kitu. Wengi hupokea malipo, hufurahi kwamba yamefika, na hawarudi kuiomba hati. Karatasi hiyo moja ina thamani ya fedha taslimu, nayo ni wajibu wa mlipaji kuitoa.

Jinsi ya kudai

Mlango wa kwanza ni wa mwajiri, na mara nyingi unatosha. Kosa likigundulika ndani ya mwaka, ofisi ya mishahara inaweza kulirekebisha katika miezi inayofuata bila TRA kuhusishwa moja kwa moja. Kwa hiyo aliyepokea malimbikizo Machi ana miezi tisa ya kuzungumza na mhasibu. Aliyepokea Desemba hana.

Mwaka ukishafungwa, njia ni ritani. Anayedai lazima awe na namba ya utambulisho wa mlipakodi, TIN, ambayo hutolewa kwa kutumia namba ya kitambulisho cha Taifa. Ritani ya mwaka wa kalenda huwasilishwa ifikapo Juni 30 ya mwaka unaofuata, ikifuatana na ombi la maandishi la kurejeshewa. Kutolazimika kuwasilisha ritani si sawa na kukatazwa kuomba kilichozidi.

Ushahidi ndio huamua. Hati za mshahara za miezi yote zinahitajika, si za mwezi wenye tatizo pekee, kwa sababu hoja nzima imejengwa juu ya jumla ya mwaka. Mwajiri pia hupaswa kumpa mfanyakazi hati inayoonyesha jumla ya malipo na kodi iliyokatwa, mwaka unapomalizika au ajira inapokoma. Watumishi wengi hawajawahi kuiona kwa sababu hawajawahi kuiomba. Anayeacha kazi asiondoke bila hati hiyo. Baada ya mwaka mmoja, mhasibu aliyemfahamu huenda amehamishwa na makabrasha yamehamia stoo.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala madai haya. Imeweka ukomo wa muda wa kudai, kwa hiyo si busara kukusanya makosa ya miaka kumi kwa matumaini ya kuyadai kwa mkupuo. TRA hukagua ombi kabla ya kulikubali. Aidha, kama mwombaji ana deni lolote la kodi, kilichozidi huelekezwa kwanza kulipunguza, na kinachobaki ndicho hulipwa.

Hapo kuna jambo ambalo lazima lisemwe wazi. Anayewasilisha ritani hufungua mlango wa nyumba yake yote. Mwalimu anayedai Sh118,900 huku mkewe akisimamia duka lililosajiliwa kwa jina lake mwenyewe mwalimu, au huku akiwa na gari la abiria kati ya Njombe na Ludewa ambalo halijawahi kutajwa, atatakiwa kueleza vipato hivyo pia. Hesabu ya mwaka hujumlisha kila kitu. Kwa asiye na la kuficha, ritani ni karatasi tu. Kwa mwingine, dai la marejesho linaweza kugeuka kuwa hati ya madai kutoka upande wa pili, na hapo hatakuwa na wa kumlaumu.

Wazee wa milima hii wanaifahamu kodi kwa sura nyingine kabisa. Wakati wa ukoloni, kodi ya kichwa ndiyo iliyowatoa Wapangwa na Wabena makwao kwenda kukata mkonge kama manamba huko Tanga na Morogoro, ili wapate fedha ya kumpa mtoza kodi. Kodi ya maendeleo, iliyorithi sura hiyo ya kumfuata mtu mlangoni, ilifutwa mwaka 2003. Katika historia yote hiyo, kodi ilikuwa kitu cha kuondoka nacho mtozaji. Wazo kwamba inaweza kurudi ni geni kwa wengi, hata kwa wale waliosoma.

Kwa walioajiriwa katikati ya mwaka uliopita, waliopokea malimbikizo, au wanaofanya kazi mbili, la kufanya kabla ya Juni 30 ni kuchukua hati zote 12, kujumlisha mstari wa kipato kinachotozwa kodi, kujumlisha mstari wa PAYE, na kulinganisha jumla hiyo na jedwali la mwaka. Kazi hiyo haizidi nusu saa na kikokotoo cha simu. Tofauti ikiwa Sh5,000, hakuna haja ya kupanda basi. Ikiwa Sh295,200, nauli ya kwenda Njombe na kurudi imeshapatikana.